Naenda kwa Munganga

Daktari wa kizungu aliyeingia Bunkeya mwishoni mwa mwaka 1891 aliingia pamoja na bunduki. Jina lake Joseph Moloney, tabibu wa msafara wa Kapteni William Stairs uliotumwa na Kampuni ya Katanga ili kuiweka nchi ya shaba chini ya bendera ya Mfalme Leopold II. Wapagazi na askari wengi wa msafara huo walichukuliwa Unguja na mwambao wake, na amri zilitolewa kwa Kiswahili. Tarehe 20 Desemba, Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi Msiri, mtawala wa Garenganze. Watu wa Msiri nao wakampiga Bodson, naye akafa. Moloney akabaki na majeruhi wa upande wake, kisha na homa na njaa. Stairs alipoanguka kitandani, daktari ndiye aliyeshika uongozi wa msafara. Mwaka 1893 alichapisha kitabu London kueleza yote hayo.

Bunkeya leo imo ndani ya jimbo la Lualaba, ambalo makao yake makuu ni Kolwezi. Ni vizuri kuanzia hapo, kwa sababu tiba ya kisasa katika ukanda wa shaba mara nyingi husimuliwa kuanzia mahali pengine: kwenye wodi nyeupe za kampuni, masista wa kikatoliki, vitoto vinavyopimwa kwenye mizani. Wodi hizo zilikuwepo, na ziliokoa maisha ya wengi. Lakini kabla ya wodi alikuja mtu mwenye mkoba wa dawa akiwa bega kwa bega na mtu mwenye bunduki, na aliyekuwa anatibiwa kwanza hakuwa mwenyeji.

Wala Bunkeya haikuwa imekaa tupu ikingoja tiba. Msiri mwenyewe alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Unyamwezi, kutoka pande za Tanzania ya leo, na watu wake wakaja kuitwa Wayeke. Masimulizi ya Wayeke yaliyoandikwa na wanahistoria yanataja sababu mbili za wenyeji kuwapokea wageni hao. Moja ni bunduki. Ya pili haisemwi sana: walijua kuchanja ndui. Chanjo yenyewe ilikuwa ile ya kizamani, ya kuchukua majimaji ya kipele cha mgonjwa na kuyapaka kwenye chale za mtu mzima wa afya, ili augue kidogo na apone. Miongo kadhaa kabla ya daktari wa Ubelgiji kufungua sanduku lake la sindano, kwa mujibu wa masimulizi hayo, watu wa Katanga walikuwa wameshanyoosha mikono yao kuchanjwa, tena na wageni. Kwa hiyo hadithi kwamba mwenyeji alikuwa mtu wa kuogopa kila kipya haina miguu ya kusimamia. Walichotaka kujua ni anayechanja ni nani, na amekuja kutafuta nini.

Neno lililotumika kwa mtu wa namna hiyo ni munganga. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atalitambua mara moja: ni mganga wetu, akiwa amevaa kiambishi cha Kongo. Katika Kiswahili cha Katanga munganga alikuwa mtu wa mizizi na pembe, na hospitali ilipokuja, daktari naye akapewa jina hilohilo. Tanzania ilifanya vivyo hivyo, hata leo serikali ina Mganga Mkuu ambaye hapigi ramli. Neno moja likabeba watu wawili. Daktari alipokea jina, ila nusu ya kazi iliyokwenda na jina hilo hakuichukua, na nusu hiyo ndiyo watu wa ukanda wa shaba wamekuwa wakiidai kwa zaidi ya miaka mia.

Nusu hiyo huonekana vizuri kwenye shaba yenyewe. Kabla ya kampuni, Wasanga na jirani zao waliyeyusha mawe ya kijani ya vilima vya Kolwezi na Likasi wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukachochewa kwa mivuo ya ngozi, shaba ikatiririka na kumiminwa kwenye kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ililipa mahari na kununua chumvi. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba. Fundi wa tanuri hakuwa fundi tu. Alikuwa na bwanga, yaani dawa yenye nguvu, na miiko yake ilifuatwa muda wote wa kazi. Bwanga na munganga ni maneno ya shina moja. Kuiponya ardhi ili itoe shaba na kumponya mtu ili atoe ugonjwa havikuwa fani mbili mbalimbali.

Nyaraka bora za tiba ya eneo hilo zilikusanywa ng'ambo ya mpaka, Mwinilunga nchini Zambia, kwa Wandembu, ambao asili yao ni himaya ya Walunda ya Mwata Yamvo. Musumba, mji wa mfalme huyo, uko Kapanga, ndani ya Lualaba hiihii. Mwanaanthropolojia Victor Turner aliishi na Wandembu miaka ya mwanzo ya 1950 na kuandika kwa undani namna mgonjwa alivyotibiwa.

Chukua tiba iitwayo ihamba. Mtu anaugua, anakonda, moyo unampiga, na waganga wanasema jino la mwindaji aliyekufa limeingia mwilini mwake na kumng'ata. Mganga anamkalisha mgonjwa uwanjani, anamchanja chale, anambandika pembe za kuumikia. Hapa ndipo msomaji wa pwani atasema anaujua mchezo: kupiga chuku. Lakini pembe ni sehemu ndogo ya shughuli. Ngoma zinapigwa, kisha zinanyamazishwa. Mganga anawaita ndugu mmoja mmoja wasimame mbele ya mgonjwa na kusema walichomfichia moyoni: chuki, deni, ugomvi wa shamba, mke aliyesemwa vibaya. Mgonjwa naye anapewa nafasi ya kusema yake. Pembe isipodondoka na kitu ndani, maana yake bado kuna mtu hajasema. Ngoma zinaanza tena. Huenda shughuli ikachukua saa nyingi, na mwishoni, jino likishaonyeshwa hadharani, watu waliokuwa hawasalimiani wanapeana mikono.

Mtu anaweza kuamini jino au asiliamini. Turner mwenyewe hakulazimika kuliamini ili aone kwamba mganga alikuwa ameutibu ukoo mzima, si kifua cha mtu mmoja. Na dawa zenyewe zilikuwa na lugha yao. Mudyi, mti wenye utomvu mweupe, ulisimama kwa maziwa ya mama. Mukula, wa jamii ya mninga, hutoa utomvu mwekundu kama damu, nao ulitumiwa kwa mambo ya damu: uzazi, tohara, uwindaji. Mganga hakukata gome kimyakimya. Aliusemesha mti kwanza.

Sasa weka mtu aliyelelewa na tiba hiyo mbele ya meza ya kampuni.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa miaka ya makaburi. Wanaume waliletwa kutoka mbali, wamechoka kwa safari, wakalazwa wengi katika vibanda, wakafa kwa kichomi, kuhara na homa ya matumbo. Mwaka 1918 ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia. Kwenye karatasi za kampuni watu hao wote waliitwa kwa neno moja la Kifaransa, indigène, yaani mwenyeji, mzaliwa wa mahali. Idara yao iliitwa idara ya nguvukazi ya wenyeji. Hospitali yao ilikuwa hospitali ya wenyeji, mbali na ile ya Wazungu. Kijana aliyetoka Rwanda jana alikuwa mwenyeji, na Msanga ambaye babu yake aliyeyusha shaba mlima uleule alikuwa mwenyeji vilevile. Neno lilimaanisha rangi tu, nalo liliandikwa hata kwenye taasisi za huruma: mfuko wa tiba ulioanzishwa mwaka 1930 kwa jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji ulikuwa wa misaada ya tiba kwa wenyeji.

Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipangwa na kipande cha ardhi tupu kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu: mbu aliyemuuma Mwafrika asiweze kuruka mpaka kwenye chandarua cha Mzungu. Mwafrika alihesabiwa kama chanzo cha ugonjwa kabla hajahesabiwa kama mgonjwa.

Kisha mambo yakageuka, na hapa ni haki kuisifu kampuni kwa kiasi chake. Kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière iliacha tabia ya kuajiri wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha makwao wakiwa wagonjwa. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawaita waje na wake zao, ikajenga nyumba, ikagawa posho ya familia, ikafungua zahanati, shule na wodi za wazazi. Mkuu wa idara ya wenyeji aliyesimamia sera hiyo kwa muda mrefu alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 aliandika kitabu kuieleza. Vifo vilishuka sana. Watoto wa kambi za shaba walikua wakiwa na afya kuliko wenzao wa vijiji vingi vya Kongo. Wazee wa Kolwezi wanaoikumbuka posho hiyo kwa hamu hawajadanganywa na kumbukumbu.

Hesabu iliyokuwa nyuma yake, hata hivyo, ilikuwa hesabu ya vibarua. Kampuni ilihofia kukosa watu, kwa hiyo ilitaka watoto wazaliwe kambini, wengi na kwa haraka. Hapo ikagongana na desturi ambayo msomaji yeyote wa Kiswahili anaijua, hata kama hatamki jina lake mbele ya wakwe. Mama anayenyonyesha hukaa mbali na mumewe mpaka mtoto aachishwe ziwa, miaka miwili au mitatu, ili mtoto asidhoofu. Pwani husema mtoto amebemendwa. Kwa wanawake wa Katanga huo ulikuwa uzazi wa mpango, tena wenye heshima, na ulimpa mama nafasi ya kupumua kati ya mimba na mimba. Kwa madaktari na masista wa Kibelgiji ulikuwa kizuizi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi utawala, misheni na kampuni zilivyopambana na pengo hilo Kongo nzima: vituo vya maziwa kwa watoto, uji wa kuachishia mapema, mafunzo kwa akina mama, zawadi kwa wanaojifungulia wodini.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mama analeta mtoto siku iliyopangwa. Mtoto anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi. Kadi ikiwa sawa, mambo ya posho nayo yako sawa. Kufikia miaka ya 1950 karibu watoto wote wa kambi za Union Minière walizaliwa hospitalini. Mkunga wa ukoo, mama mkwe na shangazi, waliokuwa na kauli juu ya nani amshike mtoto kwanza na kondo la nyuma lizikwe wapi, walikuwa nje ya mlango. Hakuna aliyewafukuza kwa ukali. Hakuna aliyewauliza, basi.

Watu wakasema wanayoyasema watu wasioulizwa. Miaka ya vita vya pili vya dunia Katanga ilivuma habari za batumbula: watu wanaotembea usiku kwa ajili ya Wazungu, wakamkamata mtu peke yake njiani, na asionekane tena kwa sababu ameliwa. Nairobi na Kampala hofu hiyo ilikuwa na jina la wazimamoto. Pwani ilikuwa mumiani, damu ya watu inayopikwa kuwa dawa. Mwanahistoria Luise White alizifuata hadithi hizi kutoka Kenya mpaka Kongo bila kuzicheka, na alifanya vema. Mtu anayetolewa damu bila kuelezwa inakwenda wapi, anayepimwa uzito kama mzigo, anayepewa chakula na aliyemtawala, anayo haki ya kujiuliza ananenepeshwa kwa ajili ya nani. Jibu la batumbula lilikuwa la uongo. Swali lilikuwa la kweli kabisa.

Kolwezi ilizaliwa katika hali hiyo. Union Minière iliuanzisha mji mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi, ukiwa na mtaa wa Wazungu wenye bustani, mji wa Waafrika wa Manika, na kambi za wafanyakazi zilizokaa kando ya mashimo: Ruwe, Musonoi na nyinginezo.

Na ni Ruwe ambako mwaka 1953 ulianza mjadala mwingine kabisa juu ya kumhudumia mtu. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa amefika Kongo mwaka 1933 na kuchapisha Élisabethville, mwaka 1945, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Baadaye alieleza kwamba miaka yake kumi ya kwanza aliishi kama wamisionari wengine, bwana mwenye majibu. Kisha akaanza kuuliza. Aliwauliza watu wanataka nini maishani mwao, na majibu waliyompa aliyapanga katika maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Wafanyakazi wa migodi na wake zao walikutana jioni, mume na mke pamoja, wakazungumza juu ya ndoa yao na mambo yanayoumiza moyo. Kundi hilo likaitwa Jamaa. Likasambaa Katanga nzima na Kasai, likitumia Kiswahili popote lilipokwenda, na waliokomaa ndani yake waliitwa baba na mama kwa kuwa walikuwa wamewazaa wengine kiroho.

Tempels si mtakatifu wa habari hii. Aimé Césaire alimkejeli mapema, mwaka 1950, kwa kuwapa Wabantu heshima ya mawazo huku mishahara na ardhi vikibaki palepale, na ukimsoma Césaire ukiwa umekaa Kolwezi ni vigumu kumbishia. Hata hivyo tazama neno uzazi. Kilomita chache kutoka chumba walichokutania Jamaa, kampuni ilikuwa inahesabu uzazi kwa kadi na mizani. Ndani ya chumba, mtu wa shimoni na mkewe walikuwa wanalitamka neno hilohilo kama kitu chao, chenye huzuni zake za mimba zilizoharibika na furaha zake. Wodi ilikuwa na dawa bila mazungumzo. Jamaa ilikuwa na mazungumzo bila dawa. Ihamba ya Wandembu, kwa kasoro zake zote, ilikuwa imejaribu kuviweka pamoja kwenye uwanja mmoja.

Misheni za vijijini zilikaribia zaidi. Kapanga, kwa Walunda, Wamethodisti wa Marekani walijenga hospitali ambayo hatimaye ilipewa jina la Samuteb. Hospitali yenye jina la Kilunda husema jambo kwa mgonjwa kabla hajaona nesi. Daktari wake Mmarekani, Glen Eschtruth, aliuawa mwaka 1977 katika vita vya kwanza vya Shaba, jina la Katanga wakati huo.

Uhuru ulipofika mwaka 1960 hakukuwa na Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya udaktari iliyotolewa nchini mwake. Walikuwapo wauguzi na wasaidizi wa madaktari, watu waliokuwa wamefanya kazi halisi ya wodi kwa miongo, wakijua dawa ya Mzungu na lugha ya mgonjwa kwa pamoja. Jason Sendwe, kiongozi wa Waluba wa Katanga aliyeuawa mwaka 1964, alitoka katika tabaka hilo, na hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake. Ni ajabu kwamba historia za tiba huwapita watu hawa haraka. Kama kuna aliyewahi kumuuliza mgonjwa wa kambini swali la munganga kwa Kiswahili na kumwandikia dawa ya daktari kwa Kifaransa, ni wao.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Kwa miaka ishirini hivi posho, shule na hospitali ziliendelea, na watu wakaendelea kuiita kazi hiyo baba na mama yao. Mwaka 1986 kampuni ilitoa tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa fujo na mauaji, wakiwamo mafundi na wauguzi. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji haukufika tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake juu ya familia hizo jina linalowaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Baba alipoondoka aliondoka na zahanati. Watu wakarudi kwa munganga wa mizizi, wakaingia makanisa ya maombi, wakanunua vidonge vya kuhesabu sokoni. Hawakuwa wamebadili imani ghafla. Milango hiyo mingine ilikuwa wazi siku zote, na sasa ule wa hospitali ulidai pesa mkononi kwanza.

Ng'ambo ya bahari, wakati Gécamines inaanguka, nesi mmoja alikuwa anatafuta jina la tatizo hili. Irihapeti Ramsden, Mmaori wa New Zealand, alisimulia kwamba katika mkutano wa mwaka 1988 mwanafunzi mmoja wa uuguzi alisimama na kuuliza: wanafundishwa usalama wa sheria na usalama wa maadili, usalama wa utamaduni uko wapi? Ramsden akalijenga swali hilo kuwa somo, na mwaka 1992 baraza la wauguzi la nchi hiyo likaliweka katika mafunzo. Kiini chake ni kwamba anayeamua kama huduma ni salama ni anayehudumiwa. Nesi hatakiwi kukariri mila za wengine kama orodha ya dawa. Anatakiwa ajichunguze yeye, mamlaka yake na historia iliyomweka upande ule wa meza.

Kipimo hicho kikiletwa Kolwezi kinagusa mambo ya jana asubuhi. Mwaka 2014 mtaa wa Kasulo uligeuka machimbo baada ya kobalti kuonekana chini ya nyumba za watu. Watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walipima wakazi 72 wa mtaa huo, 32 kati yao watoto. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kobalti nyingi kwenye mkojo na damu, na dalili za kuharibika kwa vinasaba vya watoto. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, ulihusisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Haya ni matokeo mazito, na ni ya sayansi nzuri. Mama aliyezaa mtoto wa namna hiyo ana maelezo mengine pia masikioni mwake: mwiko uliovunjwa, mkono wa mtu, wenye ardhi ambao hawakuombwa kabla shimo halijachimbwa. Nesi anayeyapuuza maelezo hayo atamsikia mama akinyamaza, na mama akinyamaza hatasema kwamba mumewe hurudi nyumbani na magunia ya mawe na kuyalaza chumbani.

Neno mwenyeji nalo limepata maisha mapya. Tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilitia saini sheria ya kulinda haki za wenyeji wa asili, ikiwataja mbilikimo, ambao katika Katanga ya zamani ni Watwa wa Nyunzu, Manono na Kalemie, kaskazini-mashariki mwa Lualaba. Safari hii Kifaransa kimechagua neno jingine, autochtone, kwa sababu indigène limechafuka. Jina lililokuwa linamaanisha kila Mwafrika sasa linamaanisha wachache waliobaguliwa na Waafrika wenzao, wakiwamo wale ambao babu zao walipanga foleni kwenye hospitali ya wenyeji. Mtwa akifika kituo cha afya leo, anayemkalisha mwisho wa benchi si Mbelgiji.

Mti wa mukula, ule wa damu, ulivamiwa na biashara ya magogo katika miaka ya 2010. Malori yaliubeba kutoka misitu ya Katanga na Zambia kwenda bandarini, safari ya China. Waganga wanaoutafuta sasa wanakwenda mbali zaidi. Hospitali ya Mwangeji mjini Kolwezi nayo hupokea wagonjwa kila siku, na kati yao wapo waliokwisha kupita kwa mtu wa mizizi na watakaopita wakitoka. Katika Kiswahili cha mji huo mtu akikuambia anaenda kwa munganga, bado inakubidi umuulize: yupi?